MAFUNZO KWA MADEREVA: MAJI KATIKA DIZELI

Madereva wa magari ya mizigo Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba gari linaloishiwa nguvu mlimani si lazima liwe na pampu mbovu. Mara nyingi kosa limo katika dizeli yenyewe.

Kwanza utazamwe moshi. Ukiwa mweusi na mzito, lifunguliwe chujio la hewa. Injini ikilegea chini ya mzigo bila ya moshi mwingi, ilhali gari likiwa tupu hwenda vizuri, basi huenda dizeli haifiki ya kutosha.

Hapo ifunguliwe koki iliyo chini ya chujio la dizeli, na yanayotoka yakingwe katika chupa safi ya kioo, kisha yaachwe yatulie robo saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini. Utando mweusi unaoteleza baina yao ni vijidudu vinavyoishi majini na kula dizeli, navyo huziba chujio. Kubadilisha chujio pekee hakutoshi. Tangi nalo lioshwe.

Gari la namna hiyo lisilazimishwe kwenda, kwani pampu na nozeli hulainishwa na dizeli hiyo hiyo, na maji huzitia kutu. Fundi wa pampu ni ghali kuliko chujio.

Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi. Tangi lililo nusu hukusanya matone usiku, kwa hiyo lijazwe jioni. Pipa lililosimamishwa mvuani hunyonya maji yaliyotuama juu yake, hata kifuniko kikikazwa. Mapipa yalazwe ubavu, tena chini ya paa.