"Nilitumia, nikapona": kwa nini ushuhuda huu hautoshi

Unaukumbuka mwaka wa 2020, msomaji? Kisa cha kwanza cha Covid-19 humu nchini kilitangazwa Machi 13, na kabla ya mwezi kwisha kila nyumba ilikuwa na daktari wake. Sufuria za ndimu, tangawizi na kitunguu saumu zilichemka usiku na mchana. Kuna waliojifunika blanketi na kujifukiza mvuke wa mwarobaini hadi jasho likawatiririka. Wengine walikimbilia duka la dawa wakiwa na jina la tembe waliyotajiwa kwa simu na shemeji aliye ng'ambo. Na karibu kila mmoja alikuwa na ushahidi wake: "Mimi mwenyewe nilitumia, nikapona."

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura hiyo Mei 5, 2023. Ushuhuda ule, hata hivyo, bado tunao. Tunausikia ndani ya matatu, sokoni na hata kwenye vikao vya familia, sasa ukihusu kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya mgongo na hata saratani. Ndiyo sababu tunauchunguza leo. Miongoni mwa mambo tuliyofunzwa na utafiti wa wakati wa janga, kubwa ni jinsi ya kutofautisha dawa inayoponya na dawa inayosifiwa tu. Funzo hili linaweza kuuokoa mfuko wako, na pengine maisha yako.

Mtego wa ushuhuda

Tuseme mtaani kwenu watu 20 waliugua Covid-19, wote wakanywa mchanganyiko wa ndimu na tangawizi, na 19 kati yao wakapona. Je, mchanganyiko ule uliwaponya?

Huwezi kujua. Wengi wa walioambukizwa maradhi haya walipona bila ya kulazwa hospitalini. Mwili wenyewe ulipigana na virusi ukashinda. Huenda watu wale 19 wangepona hata kama wangekunywa maji matupu. Mgonjwa akipona baada ya kumeza kitu, haimaanishi kwamba amepona kwa sababu ya kitu hicho. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si yeye anayelichomoza.

Kuna mtego wa pili ambao wengi hawauoni. Yule mtu wa 20, aliyekunywa mchanganyiko ule ule akafariki, hayupo kikaoni kusimulia. Wanaotoa ushuhuda ni waliobaki. Ukiwasikiliza hao peke yao, kila dawa itaonekana nzuri.

Mtego wa tatu ni wa kulinganisha watu wasiolingana. Huenda walionunua tembe fulani ghali walikuwa vijana, au watu wenye pesa waliofika hospitalini mapema. Wakipona kuliko wengine, ni tembe iliyowasaidia, ni ujana wao, au ni kule kuwahi hospitali?

Kura inavyokata mzizi wa fitina

Ili kuepuka mitego hii, watafiti hutumia majaribio ya kura. Mgonjwa anaelezwa utafiti, na akikubali kushiriki, kompyuta inampangia kikundi kwa bahati nasibu. Kikundi kimoja hupewa dawa inayochunguzwa pamoja na matibabu ya kawaida. Kingine hupata matibabu ya kawaida peke yake, au huongezewa tembe tupu inayofanana na ile ya dawa. Daktari hachagui, mgonjwa hachagui, wala jamaa zake hawachagui.

Kwa kuwa kura haina upendeleo, vijana na wazee, matajiri na maskini, walio mahututi na walio na nafuu, wote hugawanyika karibu sawasawa. Baadaye vikundi vikitofautiana kwa idadi ya waliofariki, tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Lakini watu wawe wengi. Rusha shilingi mara 10. Usishangae ikiangukia upande mmoja mara 7. Irushe mara 1,000, na pande zote mbili zitakaribiana. Utafiti wa watu 20 unaweza kudanganywa na bahati. Ule wa watu maelfu ni vigumu kudanganywa.

Tembe iliyosifiwa ikashindwa

Mfano mkubwa zaidi wa majaribio haya ulitoka Uingereza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray, walianzisha utafiti uitwao RECOVERY mnamo Machi 2020. Zaidi ya hospitali 170 nchini humo zilishiriki.

Dawa mojawapo iliyochunguzwa ni haidroksiklorokwini, nduguye klorokwini, ile tembe chungu ambayo wasomaji wa umri mkubwa wanaikumbuka kwa kutibu malaria na kuwasha mwili. Siku zile sifa zake zilikuwa zimeenea dunia nzima. Madaktari wengi waliiandika, na viongozi wa mataifa waliinadi.

Kura ilitoa jibu tofauti. Kati ya wagonjwa 1,561 waliopewa dawa hiyo, asilimia 27 walifariki katika muda wa siku 28. Kati ya wagonjwa 3,155 ambao hawakupewa, waliofariki ni asilimia 25. Dawa haikuokoa maisha. Hebu fikiria ni wagonjwa wangapi duniani walioimeza kwa imani, na ni fedha ngapi zilizotumika, kabla ya mtu kuuliza swali hili kwa njia iliyo sawa.

Ya bei nafuu ikaokoa wengi

Katika utafiti huo huo ilichunguzwa deksamethasoni, dawa ya zamani, ya bei nafuu na inayopatikana karibu kila hospitali. Wataalamu walikuwa wamegawanyika juu yake. Dawa hii hupunguza ukali wa kinga ya mwili, na baadhi yao waliona ni hatari kuipunguza kinga wakati mgonjwa anapigana na virusi.

Matokeo yalitangazwa Juni 16, 2020, hata siku 100 hazijatimia tangu mgonjwa wa kwanza aingie katika utafiti. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, kati ya kila 100 ambao hawakupewa dawa hiyo, 41 walifariki. Kati ya kila 100 waliopewa, walifariki 29. Hao ni watu 12 kati ya kila 100 waliorudi nyumbani kwao badala ya kuzikwa. Waliokuwa wakiongezewa oksijeni bila mashine pia walifaidika, ingawa kwa kiasi kidogo: asilimia 23 walifariki, ikilinganishwa na asilimia 26 ya wasiopewa.

Sababu ilieleweka. Covid-19 inapozidi, mara nyingi kinga ya mwili hupandwa na hasira ikaanza kuyaunguza mapafu yenyewe. Wakati huo kinachohitajika ni kuituliza.

Hapa ndipo pa kusoma kwa makini, msomaji. Wagonjwa waliokuwa wakipumua vizuri bila kuhitaji oksijeni hawakufaidika hata kidogo. Kati ya waliopewa dawa walifariki karibu asilimia 18, na kati ya wasiopewa asilimia 14. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, lakini hakukuwa na dalili yoyote kwamba iliwasaidia.

Kwa hiyo aliyenunua deksamethasoni dukani akaimeza nyumbani kwa sababu ya kikohozi na homa hakuwa akifuata utafiti huo, ingawa dawa ilikuwa ile ile. Dawa hii inaweza kupandisha sukari mwilini na kufungua mlango kwa maambukizi mengine. Tena, aliyeitumia kwa muda mrefu hapaswi kuiacha ghafla bila ya kumwona daktari.

Kuongeza kipimo si kuongeza uzima

Baadhi ya watu hudhani kwamba kama tembe moja inafaa, mbili zitafaa zaidi. Watafiti wale wale walilichunguza jambo hili. Waliwapigia kura wagonjwa waliokuwa na upungufu wa oksijeni lakini hawajafikia kuwekewa mashine: baadhi wapewe kipimo kikubwa cha dawa za jamii ya deksamethasoni, wengine matibabu ya kawaida, ambayo kwa walio wengi yalikuwa na kipimo kidogo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2023. Waliopata kipimo kikubwa walifariki asilimia 19. Wale wengine asilimia 12. Dawa iliyookoa kwa kipimo kidogo iliua kwa kipimo kikubwa.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshafunza

Usidhani kwamba majaribio haya ni mambo ya Wazungu tu. Miaka tisa kabla ya Covid-19, hospitali sita za kwetu zilikuwa zimeushangaza ulimwengu. Zilikuwa Kilifi hapa Kenya, Muheza nchini Tanzania, na nne nchini Uganda zikiwemo Mulago, Mbale na Soroti.

Mtoto anapofikishwa hospitalini na homa kali, mikono na miguu imekuwa baridi na damu haizunguki vizuri, madaktari wengi duniani waliamini kwamba aongezewe maji mengi ya mishipa kwa haraka. Lilikuwa katika mafunzo yao, na lilionekana jambo la akili. Utafiti ulioitwa FEAST uliwapigia kura watoto 3,141. Baadhi waliongezewa maji kwa haraka na wengine hawakuongezewa hivyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka, karibu 11 walifariki. Kati ya kila 100 ambao hawakupewa, walifariki 7. Utafiti ulikuwa umesimamishwa kabla ya wakati wake kwa ajili ya usalama wa watoto.

Fikiria hilo. Madaktari wema, wenye elimu na nia njema, walikuwa wakitoa tiba ambayo kwa watoto wa aina hiyo iliongeza vifo. Kila mmoja wao alikuwa amewaona watoto waliopewa maji wakapona. Bila ya kura, nani angejua?

Dawa moja, magonjwa mawili

Ivamektini ni mfano wa mwisho. Hii ni dawa ya kutibu minyoo na upofu wa mtoni, na waliochangia kuivumbua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Wakati wa janga ilivuma kuwa tiba ya Covid-19. Nchini Brazil, wagonjwa 1,358 walipigiwa kura, nusu wakapewa ivamektini na nusu tembe tupu. Waliozidiwa hadi kulazwa au kuwekwa kwa muda mrefu katika chumba cha dharura walikuwa asilimia 14.7 upande wa dawa na 16.3 upande wa tembe tupu, tofauti ndogo ambayo bahati peke yake inaweza kuileta.

Je, ivamektini ni dawa mbaya? La. Katika Kaunti ya Kwale, dawa hiyo hiyo ilijaribiwa dhidi ya malaria, maana mbu anayenyonya damu ya mtu aliyeimeza anaweza kufa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2025 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalikuwa chini kwa asilimia 26 katika vijiji vilivyopewa ivamektini kuliko vilivyopewa dawa nyingine ya minyoo. Usiulize tu, "Dawa hii ni nzuri?" Uliza, "Ni nzuri kwa ugonjwa gani, kwa mgonjwa gani, na kwa kipimo gani?"

Je, si ukatili kumnyima mgonjwa dawa?

Wengi huuliza hivyo, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba kura huruhusiwa tu pale ambapo hakuna ajuaye kwa hakika kama dawa inasaidia au inadhuru. Mgonjwa, au mzazi wake akiwa mtoto, huelezwa na kutoa idhini, na ana haki ya kukataa au kujitoa bila ya kunyimwa matibabu. Kamati ya maadili hupitia mpango mzima kabla haujaanza, na wataalamu wasioegemea upande wowote hukagua takwimu njiani, kama walivyofanya katika ule utafiti wa watoto. Ukatili mkubwa zaidi ni kuwapa maelfu ya watu dawa miaka nenda miaka rudi bila ya kujua inawafanya nini.

Maswali matano ya kuuliza

Siku utakapoambiwa kuna dawa mpya ya ajabu, iwe ya hospitali au ya mitishamba, uliza haya kabla ya kufungua mkoba:

1. Waliotumia dawa hii walilinganishwa na nani? Kama hawakulinganishwa na yeyote, hiyo ni hadithi tu.

2. Ni nani aliyechagua watakaopewa? Kama si kura, huenda vikundi havikulingana tangu mwanzo.

3. Walikuwa watu wangapi? Kumi na wawili si sawa na elfu kumi na mbili.

4. Je, waliofariki na waliozidiwa walihesabiwa, au tunasikia sauti za waliopona pekee?

5. Je, wagonjwa wale walikuwa na hali kama yangu? Kumbuka deksamethasoni: iliokoa waliokosa pumzi, haikuwafaidi waliokuwa nayo.

Kama huna wa kumuuliza, mwulize mfamasia aliyesajiliwa au daktari wako. Hata kama hana jibu siku hiyo, usione haya kuuliza, wala yeye asione haya kusema, "Sijui, nitaangalia."

Hatukuambii umwage chai yako ya tangawizi. Inywe ukiipenda; hulainisha koo na kumpasha mtu joto wakati wa baridi ya Julai. Lakini pumzi ikianza kukupaa, au mtoto akilegea kwa homa, chai haitoshi, wala ushuhuda wa jirani hautoshi. Nenda hospitalini. Huko utakuta tiba ambazo zilithibitishwa kwa sababu maelfu ya wagonjwa usiowajua, wa Uingereza, Brazil, Kilifi na Soroti, walikubali kupigiwa kura wakiwa kitandani ili wewe usitibiwe kwa kubahatisha.