Fanani na Hadhira katika Uponyaji: Simulizi za Waliolelewa katika Makao ya Watawa Nchini Ayalandi

Utangulizi
Katika fasihi simulizi, fanani anayesema "Paukwa!" hawezi kuendelea kabla hadhira haijaitika "Pakawa!" Makala hii inaonyesha kwamba kanuni hii hutawala pia simulizi za mateso. Mfano unaotumiwa ni wa watu waliolelewa katika makao ya watoto ya Kanisa Katoliki nchini Ayalandi.

Fanani Bila Hadhira
Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maelfu ya watoto wa Ayalandi, wengi wao wakiwa wa familia maskini, walipelekwa kwa amri ya mahakama katika makao yaliyoitwa shule za viwanda. Serikali iligharimia, watawa wakaendesha. Humo wengi walichapwa, wakashinda njaa na kufanyishwa kazi, baadhi walinajisiwa.

Peter Tyrrell, aliyelelewa Letterfrack, aliandika habari za maisha yake na kuwapelekea wakubwa barua. Seneta mmoja alimtia moyo, wengi walimpuuza. Mwaka wa 1967 alijiteketeza kwa moto jijini London. Mswada wake ulichapishwa mwaka wa 2006. Ni dhahiri kuwa kusimulia pekee hakukutosha kumponya.

Kutoka "Mimi" hadi "Sisi"
Mwaka wa 1996, Christine Buckley alisimulia kwenye televisheni utoto wake katika makao ya Goldenbridge, Dublin. Wengi waliyatambua maisha yao katika maneno yake. Mwaka wa 1999 yeye na mwenzake Carmel McDonnell Byrne walianzisha kituo cha Aislinn, ambapo manusura walikutana.

Hapa ndipo hadhira ilipopatikana, tena hadhira yenye kumbukumbu zile zile. Mtu aliyeamini tangu utotoni kuwa alipigwa kwa sababu ya ubaya wake, anapomsikia mwingine akiisimulia fimbo ile ile, hung'amua kwamba kosa halikuwa lake. Aibu ya mmoja hugeuka kuwa ushahidi wa wengi.

Ushahidi huo ulizaa matunda. Mwezi wa Mei 1999, Waziri Mkuu Bertie Ahern aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa Mei 2009 baada ya kuwasikiliza zaidi ya mashahidi 1,000, ilithibitisha waliyoyasema.

Hata hivyo, sheria ya fidia ya mwaka wa 2002 iliwakataza waliolipwa kutangaza habari za madai yao kwa namna ya kuwatambulisha waliohusika. Walipewa fedha kwa mkono mmoja, wakazibwa kinywa kwa mkono wa pili.

Hitimisho
Imebainika kuwa kidonda cha aina hii hakiponi kwa kusahau wala kwa fidia pekee. Aidha, wanafunzi wa fasihi simulizi wanaokusanya data nyanjani hawana budi kukumbuka kwamba anayenasa simulizi ya mateso si mtafiti tu. Yeye ni hadhira, na kuitika ni wajibu wake.