Faraja

Neno faraja asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kufunguliwa dhiki. Nililijua kwa ajili ya mtihani tu, hata muhula uliopita nilipoitwa ofisini nikaambiwa ya kuwa mama yangu amefariki huko bara, na meli ni ya kesho kutwa.

Usiku ule nilijaribu kusali, maneno yakakataa.

Ndipo nikakumbuka somo la historia juu ya Banani, karibu na Chake Chake. Mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani alipotangaza kuuondoa utumwa katika sheria, Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki walianzisha misheni penye shamba la mikarafuu, wakawapa kazi ya mshahara waliokuwa watumwa. Wengi wa watumwa wa Pemba walitekwa bara. Mama zao walibaki huko. Na ibada ya Marafiki ni kukaa kimya wakimngoja Mungu; mwenye neno husimama akalisema.

Basi nikaacha kutafuta maneno, nikakaa kimya.

Wenzangu bwenini, Waislamu wote, wakaja mmoja mmoja wakakaa mkekani kama watu wa matanga. Mmoja tu alisema, "Baada ya dhiki faraja," akanyamaza. (Ndiye aniibiaye sabuni, lakini usiku ule nilimsamehe.)

Tulikaa hata adhana ya alfajiri. Wao wakaenda msikitini. Mimi nikapiga magoti, na maneno yakaja.