Kiziwi ni Mwenzetu: Somo juu ya Lugha ya Mikono

Katika somo hili twataka kuwaza juu ya watu wanaokaa kati yetu na kufanya kazi pamoja nasi, ambao pengine hatujazungumza nao hata siku moja. Ndio viziwi. Wengine walizaliwa hivyo. Wengine walipoteza kusikia kwa surua au kwa homa ya uti wa mgongo. Wengine kwa makelele ya mashine ya miaka mingi.

Tuanze na mfano. Seremala mmoja kiziwi afanya kazi katika karakana. Mikono yake ni hodari, na mbao zake zimenyoka. Asubuhi moja kapita awakusanya wafanyakazi, awaambia ya kuwa tangu leo msumeno wa mashine utawashwa na mtu mmoja tu aliyewekwa, na ya kuwa kengele ikilia wote watoke nje. Wote waitikia. Seremala aona midomo ikicheza, aona wenzake wakitikisa kichwa, naye atikisa kichwa kama wao. Baada ya saa moja auwasha msumeno. Kapita akasirika, amkata mshahara, na kusema: «Mtu huyu hana akili.»

Je, ni nani aliyekosa? Seremala hakuvunja amri kwa ukaidi, maana amri haikumfikia. Tena kama kengele ingalilia siku ile, yeye peke yake angalibaki ndani. Hapo hasara ingalikuwa kubwa kupita mshahara.

I. Lugha ya mikono ni lugha kweli

Zamani watu wengi walidhani ya kwamba asiyesema kwa kinywa hawezi kufundishwa. Padri mmoja wa Ufaransa, Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa mwaka 1712, hakukubali neno hilo. Huko Paris alikutana na mabinti wawili ndugu, wote viziwi, akataka kuwafundisha dini. Hakuanza kwa kuwalazimisha kutamka. Alitazama alama ambazo viziwi wenyewe walizitumia, akajifunza kwao, akaongeza nyingine za kufundishia Kifaransa. Shule yake ilipokea watoto bila malipo. Alikufa mwaka 1789. Mwaka 1791 serikali ya Ufaransa iliichukua kazi yake iwe mali ya taifa.

Mwalimu kiziwi wa shule ile, Laurent Clerc, alivuka bahari mwaka 1816, na mwaka 1817 alishiriki kufungua shule ya viziwi huko Hartford, Marekani. Na kutoka Marekani alikuja Afrika Andrew Foster, Mprotestanti, kiziwi tangu umri wa miaka 11. Mwaka 1957 alifungua shule huko Accra, kisha nyingine zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika, hata Kongo. Alikufa katika ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987. Ndiyo sababu alama nyingi za shule za viziwi katika Afrika inayotumia Kifaransa zina asili ya Marekani, na alama za Marekani zina mizizi huko Paris.

Lakini njia hiyo haikuwa nyofu. Mwaka 1880 waalimu walikutana Milano, karibu wote watu wanaosikia, wakakata shauri ya kwamba viziwi wafundishwe kwa kinywa tu. Katika shule nyingi watoto walikatazwa mikono yao, na wengine waliadhibiwa kwa kuitumia. Mwaka 2010 tu, huko Vancouver, mkutano wa waalimu wa viziwi ulitangaza kusikitika kwa ajili ya shauri lile. Miaka 130 ni mingi kwa kosa ambalo wenye kuumizwa hawakuulizwa.

II. Maulizo na majibu

Ulizo: Je, kiziwi hawezi kusoma midomo yetu?
Jibu: Kidogo tu. Sauti za m, b na p zote zafunga midomo namna moja. Atazamaye midomo tu hawezi kupambanua «mama», «baba» na «papa». Jaribu mwenyewe mbele ya kioo.

Ulizo: Basi, tumwandikie?
Jibu: Ni vema, lakini haitoshi. Kwa aliyezaliwa kiziwi, maneno ya Kiswahili au ya Kifaransa ni lugha ya kigeni ambayo hakuisikia kamwe. Lugha yake ni ile ya mikono.

Ulizo: Je, lugha ya viziwi ni moja duniani pote?
Jibu: Sivyo. Lugha za mikono ni nyingi, nazo zina kanuni zake kama lugha nyingine.

Ulizo: Je, yafaa kumwita bubu?
Jibu: Haifai. Anayesema kwa mikono anasema.

III. Kazini

1. Panapo kengele ya hatari, iwekwe na taa ya kuwaka na kuzimika, mahali inapoonekana na wote.

2. Amri mpya itolewe kwa alama, kwa maandishi na kwa kuonyesha. Kisha kiziwi aombwe aeleze alichoelewa. Kutikisa kichwa si ushahidi.

3. Katika mkutano aalikwe mkalimani. Asimame karibu na msemaji, uso wake ukipata mwanga, asiwe na dirisha nyuma yake. Mkutano ukiwa mrefu, wakalimani wawe wawili wapokezane, maana kazi hiyo yachosha. Wewe mtazame kiziwi, useme naye mwenyewe, usimwambie mkalimani: «Mwulize.»

4. Wenzake wajifunze alama, na mwalimu awe kiziwi. Waanze na zile za lazima: hatari, simama, saidia, maji, mshahara.

5. Ukitaka kumwita, umguse bega polepole au upunge mkono. Usimtupie kitu.

Mambo haya si sadaka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2015 katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2022 ilitoa sheria yake juu ya haki hizo. Mapatano yale yasema ya kuwa kumnyima mtu matengenezo anayohitaji, yasipokuwa mzigo kupita kiasi, ni ubaguzi.

IV. Kijijini na kanisani

Huko Marekani, katika kisiwa cha Martha's Vineyard, viziwi wengi walizaliwa kwa muda wa zaidi ya miaka 200, kwa sababu ya urithi wa damu. Watu wa huko walifanya nini? Wengi walijifunza lugha ya mikono, wenye kusikia pia. Viziwi waliolewa na kuoa, walilima, walivua samaki, walikata mashauri ya mji pamoja na wengine. Masikio yao hayakupona; lakini ukuta kati yao na majirani haukujengwa.

Katekista, ukiwa na mtoto kiziwi katika mafundisho, usimwache nyuma akitazama migongo. Mweke mbele, mfanye duara, watu waseme mmoja mmoja, na jioni taa iwepo. Injili ya Marko, sura ya 7, yatuonyesha ya kwamba Bwana Yesu alimtenga kiziwi na makutano, akamgusa masikio na ulimi kabla ya kutamka neno. Alianza kwa alama ambayo mtu yule aliweza kuielewa.

Turudi kwa seremala wetu. Kapita akitaka kuwa mwenye haki, amrudishie mshahara wake kwanza. Kisha amwendee, amwombe amfundishe alama ya «hatari». Siku hiyo kapita ndiye atakayekuwa mwanafunzi.

Azimio: Juma hili nitamtafuta kiziwi mmoja wa mtaa wetu, nitajifunza kwake alama tano, na alama ya jina lake iwe ya kwanza.