SOMO: SHERIA YA MISITU, KWA MKUBWA NA KWA MDOGO



Wengi wetu tuna miti. Je, ni haki mwenye miti kumi na mwenye shamba la miti la maelfu ya hekta wabanwe na sheria sawasawa?

Kwanza, tukubaliane kwamba sheria ni lazima. Mti waweza kuwa wako, lakini kijito unachokitia kivuli ni cha jirani pia. Moto ukianzia kwako hauulizi mpaka. Wala udogo si udhuru: watu mia wakikata miti kumi kumi, ni miti elfu moja imekwisha.

Pili, tuutazame mzigo wenyewe. Nauli ya kwenda wilayani kutafuta kibali ni ile ile, kwa mbao ishirini na kwa lori zima. Mkubwa humtuma karani. Mdogo huacha jembe. Akishindwa na safari hizo, hukata usiku, na msitu humpoteza mlinzi wake wa karibu.

Tatu, iko njia. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inatambua misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Kijiji huweza kuutunza msitu wake kwa kamati yake na sheria ndogo zake. Huko Kilwa, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora wa misitu yao yenye mpingo. Walikipata kwa kikundi, chini ya shirika moja. Katika mpango wa namna hiyo wakaguzi huwapitia baadhi tu ya wanachama kila safari, na gharama huwa nafuu. Wajibu wa kutunza haupungui. Kinachopungua ni gharama ya kuuthibitisha.

Basi, sheria ya haki humdai kila mtu utunzaji, lakini ada, karatasi na ukaguzi hupimwa kwa ukubwa wa msitu na madhara yanayoweza kutokea. Mkubwa atoe hesabu kwa kirefu. Mdogo afikiwe kijijini kwake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, kijiji chetu kina kamati ya misitu? Hukutana lini?
2. Wenye miti michache wanaweza kuombaje kibali kwa pamoja?
3. Nani anakitunza chanzo chetu cha maji?