Mnara na Gharama Yake: Somo kwa Watakao Kuomba Shule ya Uuguzi ya Haraka

Soma kwanza Luka 14:28–30.

Katika miezi hii tumepokea barua za watoto wa sharika zetu walioko Marekani, na nyingine za wazazi wao walio hapa kwetu, nazo zote zauliza jambo moja. Kijana amesoma chuo kikuu, ana shahada yake ya biashara au ya ualimu, amekwenda ng'ambo, na sasa afanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, akiwaosha na kuwalisha na kuwageuza kitandani. Huko amesikia ya kuwa ziko shule zinazomfanya mtu mwenye shahada nyingine kuwa mwuguzi kamili kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Yeye auliza: Je, niombe? Wazazi wauliza: Je, tuuze shamba tumsaidie? Tena mara kwa mara mwombaji ataka barua ya mchungaji wake au ya mwalimu wake wa dini. Kwa hiyo yafaa tuieleze habari hii kwa urefu, maana sisi nasi tuna sehemu ndani yake, na katika sehemu hiyo tumekwisha kukosa, kama tutakavyosimulia.

Kwanza tujue shule hizi ni nini. Katika nchi ya Marekani mtu atakaye shahada ya uuguzi husoma kwa kawaida miaka minne. Lakini aliyekwisha kupata shahada ya elimu nyingine amekwisha kusoma uandishi, historia, hesabu na mengineyo ambayo chuo hutaka kwa kila mwanafunzi, wala hakuna haja ya kumrudisha huko. Basi hufundishwa uuguzi peke yake, mfululizo, bila likizo ndefu, kwa miezi 11 hata 18, na mwisho hupewa shahada ile ile apewayo yule wa miaka minne. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianza masomo ya namna hii mwaka 1971, mwaka ule ule ilipofunguliwa hospitali ya KCMC kule Moshi, na leo hupatikana karibu katika majimbo yote. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba mtoto wake amedanganywa. Jambo hili liko kweli.

Ila neno hili "haraka" limewapotosha wengi. Masomo ya uuguzi yenyewe hayakupunguzwa, wala saa za kusimama wodini hazikupunguzwa. Kilichopunguzwa ni siku za kupumzika katikati. Mfano wake ni mtu apandishaye mlimani mikungu minne ya ndizi. Mwenzake huchukua mmoja mmoja kwa siku nne. Yeye hujitwika yote asubuhi moja. Akifika, amefika kweli. Asipofika, mikungu yote i chini, na mingine imepondeka.

Tena ile miezi haihesabiwi tangu siku ya kuomba. Yako masomo ya kutangulia, ambayo mtu hana budi kuwa nayo kabla ya kuingia: elimu ya viungo vya mwili na kazi zake, ambayo mara nyingi ni ya mihula miwili pamoja na maabara, elimu ya vijidudu, kemia, takwimu, elimu ya vyakula, na elimu ya nafsi ya mwanadamu tangu utoto hata uzee. Aliyesoma biolojia huenda anayo baadhi. Aliyesoma biashara au sheria huenda hana ila takwimu. Huyu atahitaji mwaka mzima au zaidi, labda katika chuo kidogo cha mji, ambako ada si kubwa. Na shule nyingi hazipokei masomo ya sayansi yaliyosomwa zamani, yakiwa yamepita miaka mitano, au saba. Wastani wa alama hutakiwa mara nyingi usiwe chini ya 3.0 katika 4.0, na kwa kuwa waombaji huwa wengi kuliko nafasi, aliye na 3.0 asijione salama. Basi yule aliyewaambia wazazi "mwaka mmoja" na ahesabu upya kabla ya kuwaambia tena.

Aliyepata shahada yake huku kwetu ana kazi nyingine juu ya hiyo. Alama zetu hazisomeki kwao kama zilivyo, kwa hiyo hupelekwa kwa shirika lipimalo vyeti vya nchi za nje, kama World Education Services, nalo huandika kila somo kwa kipimo cha Kimarekani. Hati za alama hutakiwa zitoke chuoni moja kwa moja; ile iliyopitia mkononi mwa mwombaji haikubaliwi, hata kama ni ya kweli. Shule nyingi hutaka pia mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL, kwa mtu aliyesoma nje.

Hapa walimu wa dini na wasikilize. Tumemjua kijana aliyebatizwa Yohana, akaandikwa John shuleni, na katika pasipoti jina la babu likatangulia jina la baba. Hati zake zilipofika, wenye kuzipima walisema hizi ni za watu watatu. Miezi ikapita katika kuapa mbele ya hakimu na kutuma karatasi huku na huku, na siku ya mwisho ya kuomba ikapita pia, akangoja mwaka mwingine. Sisi tuandikao vitabu vya ubatizo twadhani herufi moja si kitu. Tukimwandika mtoto, tutake cheti cha kuzaliwa, tuandike kama kilivyoandikwa. Ni kazi ya dakika mbili.

Sasa tuje kwenye mnara wenyewe, maana yake fedha. Ada ya shule hizi mara nyingi hufika makumi ya maelfu ya dola. Wengi hutumaini msaada wa serikali ya Marekani uitwao Pell, ambao haurudishwi. Lakini msaada ule ni kwa wale ambao bado hawajapata shahada ya kwanza, na mwombaji wetu anayo. Yule mwenye ukaazi wa kudumu au uraia aweza kuomba mkopo wa serikali, nao una mpaka wake, na alichokopa kwa shahada ya kwanza huhesabiwa humo. Yule aliyekwenda kwa ruhusa ya mwanafunzi hapati hata mkopo huo wa serikali. Na karibu kila shule huwaonya wanafunzi wasifanye kazi ya mshahara katika miezi hiyo. Wengine hujaribu, hukesha usiku katika nyumba ya wazee na asubuhi huingia darasani. Wachache huweza, na wengi huanguka katika mtihani wa dawa.

Ndugu wazazi, neno hili ni lenu kuliko la mtoto. Yule awaletaye fedha kila mwezi, za ada ya wadogo zake na za dawa za bibi, hataweza kuzileta kwa mwaka mmoja na nusu. Je, mmekubali? Tumeona mtoto aliyeahidi kwamba hakitapungua kitu, kwa sababu aliona haya kumwambia baba yake. Akakopa kwa wenye riba kubwa ili atume nyumbani, na nyumbani hawakujua. Afadhali mkae pamoja kabla ya maombi, kwa simu kama hamwezi kuonana, na mtoto aseme hesabu yote, na baba aseme waziwazi ni nini kitangoje. Kuuza shamba lenye mazao ili kulipia masomo ambayo mtoto hajakubaliwa kuingia, sisi twaona ni kosa. Barua ya kukubaliwa na itangulie.

Kwa sababu haja ni kubwa, wako pia wauzao njia ya mkato. Mwezi wa Januari mwaka 2023 wakuu wa sheria wa Marekani walitangaza mashtaka juu ya watu 25 katika habari ya shule tatu za jimbo la Florida, ambazo vyeti vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilitolewa kwa watu wasiosoma, kwa malipo. Baadhi ya walionunua walikuwa watu waliokwisha kufanya kazi ya kutunza wagonjwa. Kwa hiyo mwombaji asiiulize shule tu jinsi ya kulipa. Aulize kama imekubaliwa na baraza la wauguzi la jimbo lake, na kama imepata ithibati ya CCNE au ACEN. Na aulize ni wangapi wa wanafunzi wake hufaulu mara ya kwanza mtihani wa NCLEX-RN. Maana shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa kama mwuguzi. Baada yake huja mtihani huo, wa maswali 85 hata 150, kwa muda wa saa tano, na kompyuta huchagua swali lifuatalo kwa kadiri alivyojibu yaliyotangulia. Shule isiyotaka kusema hesabu ya waliofaulu imekwisha kujibu. (Aliye mwuguzi tayari kwa masomo ya huku, njia hii si yake; yeye apimishe vyeti vyake, aombe kufanya mtihani ule.)

Katika maombi yenyewe mtu hutakiwa kuandika kwa mkono wake kwa nini ataka kazi hii. Jambo hili si geni katika kanisa letu. Mchungaji Theodor Fliedner alipoanzisha nyumba ya mashemasi wa kike kule Kaiserswerth mwaka 1836, aliwafundisha kuuguza. Na Florence Nightingale alipofika kujifunza mwaka 1851, aliandika kwanza habari za maisha yake. Mwaka 1849 mashemasi wanne wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kufika Pittsburgh, Marekani, kutumika katika hospitali ya Mchungaji William Passavant. Kijana wetu naye asiandike ya kuwa tangu utoto alipenda kusaidia watu. Wote huandika hivyo. Aandike yale aliyoyaona: mzee aliyekataa kula, na jinsi alivyokula mwisho, usiku ambao hakujua la kufanya, na aliyemwita. Na kama sababu mojawapo ni mshahara, si dhambi, asijifanye malaika.

Imebaki barua ya ushuhuda. Wako wakuu wa shule wasiotaka barua ya mchungaji kabisa. Wataka ya mwalimu wa chuo au msimamizi wa kazi. Basi mwulize mwombaji kwanza wametaka nini. Lakini wakitaka yetu, tusiandike kama sisi tulivyoandika.

Miaka michache iliyopita binti wa usharika wetu alitupigia simu akasema, "Baba Mchungaji, naomba uniandikie neno jema, siku ya mwisho ni kesho." Tukamwandikia jioni ile kurasa mbili: kwamba ana bidii isiyo na mfano, kwamba ni mvumilivu, kwamba hesabu na sayansi ni furaha yake. Kweli ni kwamba tulikuwa hatujaonana naye miaka sita, na katika shule ya sekondari sayansi ilimliza. Hatukumwuliza kama ana fedha, wala kama ataacha kazi. Tuliona twamtendea wema. Alikubaliwa. Katika muhula wa pili alikuwa akifanya kazi usiku mara nne kwa juma. Akaanguka katika masomo mawili, na kwa kanuni ya shule ile akatolewa. Mkopo haukutolewa pamoja naye. Mama yake alikuja kwetu, hakulaumu, aliuliza tu, "Baba, wewe ulijua ataweza?" Tulikosa la kusema.

Mwaka huu alitupigia tena. Amelipa sehemu ya deni, amerudia masomo ya viungo vya mwili polepole, moja kwa muhula, na sasa aomba shule nyingine ya miaka mitatu, inayofundisha jioni. Mara hii tulimwuliza maswali karibu saa nzima kabla ya kushika kalamu, naye akajibu yote, hata lile la fedha za nyumbani. Barua tuliyoandika ilikuwa ya mistari minane. Tulisema twamjua tangu ubatizo wake, kwamba alianguka mara moja, kwamba aliwauguza wazee kwa miaka mitano, na kwamba mambo mengine hatuyajui.