Kielekezi na Muundo: Kuweka Thamani kwa Usalama katika Lugha ya C

Kijitabu hiki ni cha nani
Ni cha mwanafunzi anayezijua aina za data na fanksheni za C, lakini programu yake hukatika ghafla kila anapogusa vielekezi. Jambo tunalolisisitiza ni moja: kabla ya kuweka thamani kupitia kielekezi, hakikisha kimeelekezwa mahali halali.

Muundo ulikotoka
C ilibuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani. Mwaka 1972 mwenzake, Ken Thompson, alijaribu kuandika kiini cha mfumo wa Unix kwa C ya awali, ambayo haikuwa na miundo, akaacha. Miundo ilipoongezwa, kazi hiyo ilifanikiwa mwaka 1973. Muundo hukusanya data za aina mbalimbali chini ya jina moja, na hilo ndilo hitaji la kila rejista.

Mfano: rejista ya ushirika wa mahindi

struct mkulima {
    int namba;
    float kilo;
    char jina[30];
};

struct mkulima m;
struct mkulima *p = &m;

p->namba = 17;
p->kilo = 85.5f;
snprintf(p->jina, sizeof p->jina, "%s", "Rehema");

Alama & hutoa anwani ya m kwenye kumbukumbu, na p huihifadhi. Mshale -> huifuata anwani hiyo hadi kwenye sehemu unayoitaka. Kuandika p->kilo ni sawa na kuandika (*p).kilo. Usiyaache mabano hayo: nukta hutangulia nyota, kwa hiyo *p.kilo husomwa kama *(p.kilo), na kompaila huikataa kwa kuwa p si muundo.

Kwa nini tutumie kielekezi?
Fanksheni ya C hupokea nakala ya kila inachopewa. Ukiipa m yenyewe, itabadilisha nakala, na kilo za mkulima zitabaki vilevile. Ipe anwani:

void ongeza(struct mkulima *p, float k) {
    p->kilo += k;
}

Ukiiita kwa ongeza(&m, 12.0f), kilo za Rehema zitakuwa 97.5.

Makosa matatu ya kuepuka

1. Kielekezi kisichoelekezwa popote.

struct mkulima *p;
p->namba = 17;   /* kosa */

Mstari wa kwanza umetenga nafasi ya anwani tu, kwa kawaida baiti 8 kwenye mashine za biti 64. Mkulima mwenyewe hajatengewa nafasi. Kuwa na karatasi ya kuandikia anwani si kuwa na nyumba. Programu inaweza kukatika papo hapo. Hatari zaidi, inaweza kuendelea kana kwamba iko salama huku ikiharibu data nyingine. Tenga nafasi kwanza:

struct mkulima *p = malloc(sizeof *p);
if (p == NULL) return 1;

Ukimaliza, iachilie kwa free(p), na usiiguse tena.

2. Kuweka jina kwa alama ya =. Kompaila itakataa p->jina = "Rehema"; kwa sababu jina ni safu, na safu haiwekewi thamani kwa njia hiyo. Tumia snprintf kama tulivyoonyesha. Kumbuka pia kwamba nafasi 30 hubeba herufi 29 za kawaida tu, kwani moja ni ya alama ya kufunga maandishi.

3. Kurudisha anwani ya muundo wa ndani ya fanksheni. Fanksheni inapomalizika, muundo huo hauna uhai tena. Rudisha muundo wenyewe, au utengee nafasi kwa malloc.

Jikague kabla ya kuendesha programu
• Je, kila kielekezi kimepewa anwani halali au NULL?
• Je, matokeo ya malloc yamekaguliwa?
• Je, kila malloc ina free yake?
• Je, maandishi yanatosha kwenye safu?

Kompaili hivi: gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address rejista.c

Soma kila onyo na ulirekebishe, hata kama programu inaonekana kufanya kazi. Rejista ya ushirika hubeba jasho la watu. Thamani ikiangukia pasipo pake, mkulima ndiye atakayepunjwa.